Bolti Haikazwi Mpaka Ilie

Kuna maneno matatu nataka yafutwe katika gereji zetu: kaza mpaka ilie. Nimeyasikia Morogoro na nimeyasikia Dar es Salaam, kwa mafundi wenye miaka 30 kazini na kwa vijana walioanza juzi. Nimeyasema mimi mwenyewe, tena kwa sauti, bomba likiwa mkononi. Sasa nina miaka 26, nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo, na nasema bila kumung'unya: maneno hayo ni uongo, na kwa bolti za konrodi ni uongo unaotoboa injini.

Najua nitakachojibiwa. "Msomi huyo, amejuaje mambo ya gereji?" Basi nianze na nilichokifanya gereji.

Baada ya kumaliza kidato cha sita, nikisubiri majibu ya vyuo, nilikwenda kukaa kwa mjomba wangu Morogoro. Gereji yake haiko mbali na stendi ya Msamvu: mwembe, kontena moja la kufungia vifaa, na sakafu ya udongo iliyokunywa oili mpaka ikawa ngumu kama saruji. Nilisema nataka kujifunza. Mafundi walicheka. Mmoja alinishika kiganja, akakigeuza kama anayekagua nyanya sokoni, akasema, "Huu ni mkono wa kushika kalamu." Mjomba hakucheka, lakini pia hakunitetea. Alinipa ndoo ya petroli na brashi, nioshe vifaa.

Niliosha vifaa kwa mwezi mzima. Kisha ikaletwa Probox iliyokuwa inakula oili. Mwenye gari alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo aliyekuwa amechukua sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake akanunua gari hilo, akamkabidhi dereva lipige mchomoko kutoka Morogoro mpaka Turiani. Injini ilikuwa 1NZ, ile ile iliyomo kwenye IST na magari mengine mengi madogo tunayoyaona barabarani. Tukaishusha, tukaifungua yote. Ringi mpya, beringi mpya, gaskiti mpya. Bolti za konrodi hazikununuliwa. Tulizisafisha zile zile, tukazirudisha.

Siku ya kufunga, mjomba aliamua nami nifunge. Konrodi ni nne, kila moja ina bolti mbili. Namba 1 na 2 alipewa deiwaka mmoja, kijana wa umri wangu, mwembamba, aliyekuwa amesoma chuo cha ufundi kwa mwaka mmoja kabla ada haijakata. Namba 3 na 4 zilikuwa zangu.

Yule kijana alifunga kwa namna iliyotuudhi wote. Alipaka oili kidogo kwenye meno ya kila bolti na chini ya kichwa chake. Akakaza kwa spana fupi, taratibu, bolti hii kidogo na ile kidogo. Halafu akatoa chaki mfukoni, akachora alama kwenye kichwa cha kila bolti, akazungusha mpaka alama ikahama kwa robo mzunguko, akaacha. Fundi mmoja akasema, "Huyu anachora injini." Mjomba alimwonyesha bomba la futi mbili tulilokuwa tukilivisha kwenye mpini wa spana ili kuongeza urefu. Kijana akasema, "Chuoni walitukataza kuweka bomba kwenye konrodi, mzee." Mjomba akamjibu kwamba chuo chake hakijawahi kufunga injini ikafika Dodoma.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na mwezi mzima wa kuchekwa kifuani. Bolti zangu zilikuwa na oili, hivyo hazikulia. Nilikaza, hazikulia. Nikavisha bomba, nikakaza tena. Kuna mahali nilihisi bolti ikilainika kidogo mkononi, kama mtu aliyechoka kubishana. Nikadhani imekubali. Nikaongeza kidogo, kwa ajili ya usalama. Yule fundi wa "mkono wa kalamu" akapiga makofi. Mjomba akasema, "Huyu sasa ni jembe." Sijawahi kupokea cheti kilichonifurahisha kama neno lile.

Wiki tatu baadaye, gari likiwa limeshapita Dakawa kuelekea Dumila, pale barabara inaponyooka na madereva kukanyaga, injini ilipiga kelele moja ikafa. Konrodi ilikatikia bolti, ikatoka, ikatoboa bloku. Oili ikamwagikia mahali penye moto, moshi ukafuka, abiria wakatokea milangoni na madirishani, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Hakuna aliyekufa. Naliandika hilo kwanza kwa sababu hata sasa ndilo ninalolikumbuka kwanza.

Gari liliburutwa mpaka Msamvu. Kikao kikakaliwa chini ya mwembe. Hukumu ilichukua dakika chache: bolti imekatika kwa sababu ililegea, na imelegea kwa sababu haikukazwa. Nani hakukaza? Kila mtu alimtazama mwenye chaki. Mjomba akaniuliza mimi nilifunga namba zipi. Tundu lilikuwa kwenye silinda namba 3.

Nikasema, "Sikumbuki, mjomba."

Nilikuwa nakumbuka. Lakini nilijiambia kwamba haiwezekani, mimi nilikaza kuliko wote, labda kumbukumbu yangu ndiyo mbovu. Kijana alifukuzwa siku ile ile bila malipo ya wiki mbili alizokuwa anadai. Mjomba aliuza kiwanja chake, akamnunulia yule mama injini iliyotumika kutoka Gerezani. Mimi nikaenda chuo.

*

Sasa tuseme kuhusu bolti yenyewe, maana tusipoielewa tutaendelea kufukuza watu wasio na hatia.

Wengi wetu tunadhani bolti ni msumari wenye meno: kadiri unavyoizamisha, ndivyo inavyoshika. Sivyo. Bolti ni springi. Unapoikaza, unaivuta irefuke kidogo sana, na kwa kuwa inataka kurudi urefu wake wa awali, inavibana vile vipande viwili vilivyo katikati yake. Kule kutaka kurudi ndiko kunakoshika. Mwingereza Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni ya jambo hili: springi hurefuka kulingana na nguvu inayoivuta. Lakini kila springi ina mpaka. Ukiivuta ndani ya unyumbufu wake, inarudi. Ukiupita mpaka, inabaki ndefu na haina tena hamu ya kurudi. Mtoto yeyote aliyewahi kuvuta springi ya kalamu mpaka ikawa waya anajua habari hii. Pale nilipohisi bolti ikilainika mkononi, haikuwa imekubali. Ilikuwa imevuka mpaka.

Kwa bolti za konrodi za injini kama 1NZ, mpaka huo uko karibu kuliko tunavyodhani. Kitabu cha mtengenezaji kinasema ukaze kwa nyutoni-mita 15, kisha uchore alama ya rangi, kisha uzungushe digrii 90. Basi. Nyutoni-mita 15 ni kiasi gani? Chukua spana yenye urefu wa sentimita 30, ning'iniza mfuko wa unga wa kilo 5 kwenye ncha yake. Ndiyo hiyo. Ni kidogo kiasi cha kumtia aibu mwanamume wa gereji. Ile robo mzunguko inayofuata ndiyo inayoipeleka bolti mpaka ukingoni mwa unyumbufu wake, na hata kuupita kidogo kwa hesabu iliyopangwa kiwandani. Hapo hakuna akiba iliyoachwa kwa ajili ya bomba la futi mbili. Kila unachoongeza baada ya robo ile ni uharibifu mtupu.

Na uharibifu hauji kwa njia moja. Bolti ikivutwa kupita kiasi huwa nyembamba katikati, inatengeneza shingo, na wahenga wametuambia kamba hukatikia pabovu. Meno yake hunyofoka au hupishana. Tundu la konrodi linalokumbatia krenkishafti linaweza kubanwa likapoteza uduara wake. Nafasi ya oili, ambayo ni nyembamba kuliko unywele, inaisha upande mmoja, beringi inasuguana na chuma, inapata moto, inakwama na kuzunguka. Hapo fundi atalaumu oili.

Halafu kuna kazi inayoisubiri bolti injini ikiwaka. Tufanye hesabu ya kawaida. Tuseme pistoni na vinavyoambatana nayo vina uzito wa nusu kilo, na injini inazunguka mara 4,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa dereva mwenye haraka. Katika injini hii pistoni hupanda na kushuka milimita 84.7. Kila inapofika juu hulazimika kusimama na kugeuka, na kule kugeuzwa huzaa mvuto unaokaribia uzito wa kilo 490. Katika kipigo cha kutoa moshi, pale juu hakuna mgandamizo wa kuipokea pistoni. Inayoirudisha chini ni konrodi, na konrodi imeshikwa na bolti mbili zinazotoshana na kidole cha mtoto. Hilo hutokea mara 2,000 kila dakika. Tangu Msamvu mpaka pale Dakawa, zidisha mwenyewe.

Bolti iliyokazwa sawasawa haiusikii sana mvuto huo, kwa sababu mbano wake ni mkubwa kuliko mvuto, na vipande viwili haviachani. Bolti iliyorefushwa mpaka ikapoteza mbano wake huupokea wote, kila mara, kwenye shingo yake. Chuma nacho huchoka. Mjerumani August Wöhler alilichunguza jambo hilo katika karne ya 19 kwa ekseli za treni: chuma kinaweza kukatika kwa mzigo ambao kisingekatika nao siku ya kwanza, ukirudiwa mara nyingi vya kutosha. Ndiyo maana injini yetu haikufa siku ya kwanza. Iliishi wiki tatu, ikatupa muda wa kupokea fedha na kujisifu.

Kwa hiyo kikao cha chini ya mwembe kilikosea kwa namna ya ajabu. Ni kweli bolti ilipoteza mbano. Lakini ilipoteza kwa sababu ilikazwa mno. Aliyezidisha ndiye aliyelegeza.

*

Nirudi kwenye "ilie", maana hapo ndipo uongo unapokaa.

Bolti inapolia inasema nini? Inasema inasuguana. Sauti ile ya kukwaruza inatoka kwenye meno makavu na chini ya kichwa kikavu, chuma kikishikana na chuma, kikiachia, kikishikana tena. Haisemi chochote kuhusu jinsi bolti ilivyovutika. Kwa makadirio tunayofundishwa darasani, katika kila sehemu 10 za nguvu unayotia kwenye spana, takriban 5 huliwa na msuguano chini ya kichwa, 4 huliwa kwenye meno, na 1 tu ndiyo inayovuta bolti. Bolti kavu yenye kutu italia mapema, fundi ataridhika, na huenda mbano wake ni mdogo mno. Bolti yenye oili haitalia hata kidogo. Fundi atasubiri kilio ambacho hakiji, ataleta bomba, ataivunja uti wa mgongo. Mkono ule ule, fundi yule yule, nguvu ile ile, matokeo mawili yanayopingana. Kilio tulichokifanya kipimo ni sauti ya kitu kingine kabisa.

Nimeshabishana na watu juu ya hili, na hoja zao nazijua.

Wa kwanza husema mkono wa fundi mzoefu una kipimo chake. Nawaheshimu mafundi kwa dhati. Mjomba wangu anaweza kusimama kando ya injini inayonguruma akakwambia ni vali ya silinda ipi yenye nafasi kubwa, na atakuwa sahihi. Sikio lake linasikia kitu kilichopo. Mkono wake unapokaza bolti hausikii kurefuka kwa bolti; unasikia msuguano ambao umekula sehemu 9 kati ya 10. Uzoefu wa miaka 30 wa kusikia kitu kisichohusika haugeuki kuwa ujuzi wa kinachohusika.

Wa pili husema spana ya toki ni ghali. Kweli, nzuri ni ghali. Lakini injini iliyotumika inauzwa bei gani? Kiwanja cha mjomba kingenunua spana ngapi? Na ikiwa fedha haipo kabisa, gereji nyingi hazikosi jirani mwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Funga ndoano yake kwenye ncha ya spana ya sentimita 30, vuta kwa pembe mraba mpaka mshale uguse kilo 5. Umeshapata 15 yako. Ongeza chaki na robo mzunguko. Sisemi hii ni njia ya kitabu. Nasema hata masikini ana njia iliyo bora kuliko kilio.

Wa tatu husema Wajapani wameandika hivyo ili tununue bolti mpya kila siku. Kitabu hicho hicho kinakuruhusu kurudisha bolti ya zamani, mradi uipime unene pale kwenye kiwiliwili chake. Ikiwa imekonda kupita kiwango, itupe. Ikiwa haijakonda, irudishe. Vernia ya kupimia hainunuliwi Japani, ipo madukani kwetu.

Wa nne, na huyu ndiye namwogopa, husema, "Bora ikazwe sana kuliko ilegee." Anasikika mwenye busara. Bolti iliyolegea inaua injini, hilo sikatai, na asitokee mtu kusema nimewaambia mafundi walegeze. Lakini anayefikiri kuzidisha ni upande wa usalama amedhani kuna upande wenye usalama. Hakuna. Kuna kiasi, na kando zake mbili kuna mashimo mawili. Waulize wapiga ngoma. Ngozi iliyolegea haitoi sauti, na ngozi iliyowambwa kupita kiasi inapasuka mbele ya hadhira. Hakuna mwamba ngoma anayesema bora nizidishe.

Wala tusidhani hili ni tatizo la Waafrika wasiosoma, kama baadhi ya wenzangu darasani wanavyopenda kunong'ona. Spana ya toki yenyewe ilizaliwa kwa sababu Wamarekani walikuwa wanakaza mno. Anayetajwa kuwa aliibuni, Conrad Bahr, alikuwa mfanyakazi wa idara ya maji ya jiji la New York mwaka 1918, akitafuta namna ya kuwazuia wenzake kuharibu bolti za mabomba ya maji chini ya barabara. Watu wenye nguvu na wenye haraka wako kila mahali.

*

Ukweli wa injini yetu niliupata mwaka wa tatu chuoni, kwenye maabara, mbele ya mashine ya kuvuta chuma. Unafunga kipande cha chuma huku na huku, mashine inavuta, na kwenye skrini unachoreka mstari. Mwanzoni mstari unapanda umenyooka. Kisha unapinda. Mhadhiri akatuambia tutazame kipande chenyewe, tuache skrini. Katikati yake ilikuwa inatokea shingo. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa nimeshaiona shingo ile, kwenye bolti iliyotolewa ndani ya sampu ya Probox.

Likizo iliyofuata nilinunua vernia, nikapanda basi. Fundi hatupi bolti, na mjomba hakuwa ametupa. Zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga ndani ya kontena, na ile iliyokatika ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari ukutani, kama onyo kwa vijana wavivu. Uso wake uliokatika ulikuwa laini nusu, kwa ufa uliokuwa ukitembea polepole, na nusu nyingine ulikuwa umekwaruzika, kwa ule mpasuko wa mwisho. Chini kidogo palikuwa na shingo.

Nilizimwaga nyingine mezani. Jumla walizozitoa kwenye injini ile zilikuwa nane. Nne zilikuwa zinalingana unene kutoka juu mpaka chini, na zinalingana zenyewe kwa zenyewe. Mbili zilikuwa zimekonda katikati na ndefu kuliko zile nne. Nilipozisimamisha pamoja hata vernia haikuhitajika. Moja ilikuwa imepinda na kuchanika meno, ya nane ni ile ya ukutani. Nne nzima, nne mbovu. Kijana alifunga nne. Mimi nilifunga nne.

Kwenye kichwa cha moja kati ya zile nzima, ndani ya kona ya kichwa mahali ambapo oili haikufika vizuri, palikuwa na kitu cheupe. Sitaapa kwamba ni chaki. Nilikisugua kwa kidole kikatoka.

Nikamwita mjomba, nikamwonyesha, nikamwambia niliyoyakumbuka. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa mbona hukuniambia kwamba robo inatosha?" Nikasema, "Mjomba, yeye alikuambia." Hakujibu. Akarudi uvunguni mwa gari alilokuwa analitengeneza.

*

Swali lake lilinikaa, na ndilo linalonifanya niandike makala hii kwa Kiswahili badala ya kuendelea na tasnifu yangu kwa Kiingereza.

Nimelaumu mafundi vya kutosha. Sasa tuwageukie wasomi, na mimi nimo. Nchi hii inamsomesha mtoto wake shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari inamhamishia Kiingereza, na ile namba 15 yenye robo yake imeandikwa upande wa pili wa mto huo. Fundi aliyeishia darasa la saba hakuikataa namba. Hakuwahi kukutana nayo. Sisi tuliovuka tunaiona kila siku, tunafaulia mitihani kwayo, kisha tunakaa kwenye korido za chuo tukiwacheka wanaokaza kwa bomba. Tasnifu yangu itasomwa na watahiniwaji na msimamizi wangu, kisha itapata vumbi. Injini za Msamvu zitaendelea kufungwa kwa kilio. Msomi anayejua namba akainyamazia hana tofauti na mimi siku ile chini ya mwembe, nikisema sikumbuki.

Na wenye magari nao wasikae pembeni. Wewe unayemsimamia fundi ukimwambia "kaza vizuri, kaka, nasafiri nalo", unamlipa kwa jasho unaloliona. Ukiona bomba unaridhika, ukiona chaki unadhani anapoteza muda. Umejenga soko ambalo mwenye kiasi anaonekana mzembe na mwenye fujo anaonekana hodari. Kijana mmoja alipoteza kazi kwenye soko hilo, na binti mmoja akaitwa jembe.

Sitaki semina wala kauli mbiu. Nataka vitu vitatu. Kila gereji iandike ukutani, kwa Kiswahili, namba za injini inazozifunga mara nyingi. 1NZ, 15 na robo, inatosha kuanza. Kila mwanafunzi wa uhandisi anayetoka kwenye familia yenye gereji, na tuko wengi kuliko tunavyokiri, apeleke namba hizo nyumbani likizo ijayo badala ya kupeleka picha za mahafali. Na fundi mkuu akisikia kijana anasema "chuoni walitukataza", amuulize kwa nini kabla ya kumjibu.

Kwa mjomba niliandika ukutani mwenyewe, kwa rangi nyeupe. Hakunizuia. Miezi michache baadaye niliporudi nilikuta mtu ameongeza chini yake namba za injini nyingine mbili, kwa mwandiko nisioujua.

Yule kijana nilimtafuta pia. Anaendesha bodaboda, kijiwe chake kiko upande wa pili wa stendi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama juani: silinda namba 3, kopo, vernia, zile nne na nne. Alinisikiliza akiwa amekaa kwenye pikipiki yake. Nilimpa fedha ya wiki mbili alizokuwa anadai. Alihesabu, akaweka mfukoni.

"Nilijua siku ile ile, Injinia," akasema. "Tundu lilikuwa namba 3."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema nikiwa na chaki mkononi, hamkusikia. Ningesikilizwa nikiwa nafukuzwa?"

Akatokea abiria anakwenda Kihonda. Akawasha, akaondoka.